Bolti za kwenye miamba: maswali yenu kuhusu kutu, stenlesi na titaniamu

Kila nikionekana na drili mgongoni simu inajaa maswali, na ni yale yale tu, ya bolti gani, ya duka gani, mbona bei iko juu hivyo. Nimechoka kuyajibu moja moja kwa hivyo nimeyaweka yote hapa. Nimepanda sana miamba ya Lukenya na Hell's Gate, hapa Kenya, nimetoboa mashimo mengi, mengine ningependa kuyasahau.

Kwani vifaa vya kudumu ni vipi hasa?

Ni vile vinavyobaki kwenye mwamba ukishaenda nyumbani. Kuna bolti yenyewe inayoingia ndani ya jiwe, kuna hanga, yaani kile kipande chenye tundu unapobana karabina (kile kipete cha chuma chenye mlango kinachoshika kamba), halafu kule juu kuna anka, kawaida bolti mbili zikiwa na pete au mnyororo wa kushukia. Ruti, yaani njia moja ya kupanda, ya mita 25 inakula bolti 10 mpaka 12 hivi, ukiongeza mbili za anka. Kamba yako unaiona kila siku, ikichakaa unajua. Bolti sehemu kubwa imejificha, na kutu inapenda sana kuanzia huko kusikoonekana.

Angalia hanga au kichwa cha bolti, utafute maandishi EN 959 au UIAA 123. Hizo ndo alama za viwango, na maana yake kifaa kimepimwa kuhimili kiloniutoni 25 kikivutwa kuelekea chini, karibu tani mbili na nusu. Kama hakuna maandishi yoyote basi hiyo ni bolti ya geti, mwachie mwenye geti.

Si zile za hadiwea zinatosha? Zinashika ukuta wa zege vizuri tu

Zinashika, hilo sikatai, na siku ya kwanza hutaona tofauti. Shida ni kwamba ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki ya umeme, na huo utando ni mikroni 5 mpaka 10 tu, unywele wako ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Mabati ya nyumba yanadumu kwa sababu yanachovywa kwenye zinki ya moto na inashika nene, hii ya bolti ni kama poda ya usoni. Sasa wewe unaichukua unaipigilia kwa nyundo ndani ya shimo la jiwe, zinki inakwanguka palepale, mvua ya kwanza inaingia nyuma ya hanga, na shimo likishalowa halikauki haraka. Ukuta wa ndani ya jengo, sawa. Nje sitaki hata kuiona.

304 na 316, tofauti yake ni nini?

Zote ni stenlesi. 304 ndo ile ya sufuria na sinki za jikoni, kwenye bolti utaikuta imeandikwa A2. 316 inaandikwa A4. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ina kromiamu, ambayo ikikutana na hewa inajitengenezea ngozi nyembamba sana juu ya chuma, na ngozi hiyo ikikwaruzwa inajifunga yenyewe. Adui yake ni kloraidi, yaani chumvi, inatoboa ile ngozi tundu ndogo ndogo kabla haijawahi kujifunga. 316 imeongezwa molibdenamu asilimia 2 mpaka 3, na hiyo inaisaidia kupambana na chumvi zaidi.

Kwa miamba ya bara, kavu, mbali na bahari, kama Lukenya, 304 inatosha na sitamcheka mtu akiitumia. Mimi siku hizi nanunua 316 hata huko. Sababu si kwamba nina hela, ni kwamba kazi ya kuning'inia kwenye kamba na drili ya kilo kadhaa kutoboa jiwe gumu kama lile ni kazi ya kufanya mara moja tu.

Nikipima na sumaku nitajua kama ni stenlesi halisi?

Utajua kidogo tu. Ikidaka sumaku kwa nguvu kama msumari, hiyo si 304 wala 316, rudisha. Ila kuna mtego, stenlesi iliyokunjwa au kufinyangwa ikiwa baridi inaweza kuvuta sumaku kidogo na bado ikawa nzuri, kwa hivyo usitupe bolti kwa sababu sumaku imegusagusa. Na sumaku haiwezi hata siku moja kukutofautishia 304 na 316. Kwa hilo unategemea maandishi yaliyogongwa kwenye chuma, na uaminifu wa aliyekuuzia.

Uaminifu huo ulinitoa jasho mwaka fulani. Nilinunua seti kwenye duka moja mjini, bolti zimeandikwa A4 vizuri kabisa, hanga safi, nikafunga ruti nzima na kujipongeza. Baada ya msimu mmoja wa mvua nikarudi, kutoka chini naona kila hanga ina mchirizi wa rangi ya chai unashuka kwenye jiwe. Nikapanda kuangalia. Bolti inang'aa, hanga inang'aa, nati na washa zimegeuka unga wa kahawia, ukigusa na kidole unabaki kwenye kidole. Muuzaji alikuwa amechanganya, bolti stenlesi, nati za zinki, zote zinang'aa sawa kwenye mfuko wa plastiki. Siku mbili nzima nikabadilisha nati moja moja. Tangu hapo napima kila kipande peke yake, hata washa.

Kwa nini kuchanganya chuma ni vibaya hivyo?

Kwa sababu umetengeneza betri. Metali mbili tofauti zikigusana na kukawa na maji yenye chumvi kidogo, ile dhaifu inaliwa ili ile yenye nguvu ipone. Mchanganyiko mbaya kuliko wote ni ule ninaoukuta mara nyingi, hanga ya stenlesi juu ya bolti ya zinki. Hanga ni kubwa, bolti ni ndogo, na ikiwa kitu dhaifu ndo kidogo basi kinaliwa haraka zaidi. Nje unaona hanga inameta, unasema hapa pako sawa, kumbe shingo ya bolti imebaki nyembamba. Bolti, hanga, nati, washa, pete ya anka, viwe ukoo mmoja.

Mkuu, tunataka kufungua miamba ya pwani, 316 itatosha si ndio?

Hapana, na hapa naomba msome polepole.

Kule Thailand, mkoa wa Krabi, kwenye miamba ya Railay na Tonsai iliyo juu ya bahari kabisa, watu walifunga stenlesi kwa nia nzuri, zikiwemo 316, wakijua wamemaliza kazi. Ndani ya miaka michache bolti zikaanza kukatika, wakati mwingine kwa uzito mdogo tu, na nyingine ukiziangalia hazina kutu ya kutisha. Kisiwa cha Cayman Brac huko Karibi yakatokea yale yale. Hii si kutu ya kula taratibu mnayoijua. Chuma kinapasuka kutoka ndani, nyufa nyembamba kama unywele zinatawanyika kama mizizi, na bolti iliyobeba watu jana leo inakatika kama biskuti.

Ili itokee vinahitajika vitu vitatu pamoja, chuma chenye udhaifu huo (304 na 316 zote wanao), chumvi, na mvutano ndani ya chuma. Joto linaharakisha. Na mvutano si lazima uwe wa mtu kuanguka, bolti ya kupanuka (ile inayojitanua ndani ya shimo ukikaza nati) ikishakazwa iko kwenye mvutano usiku na mchana, na hanga iliyokunjwa kiwandani imebaki na mvutano kwenye ile kona yake.

Mfano ulioshtua wahandisi zamani wala haukuwa wa wapanda miamba. Mwaka 1985 huko Uster, Uswisi, dari ya zege ya bwawa la kuogelea la ndani iliporomoka na kuua watu 12. Ilikuwa imening'inizwa kwa vyuma vya stenlesi, na kloraidi ya hewa ya bwawa ilivipasua hivyo hivyo. Vyuma vilikuwa juu ya dari, havijawahi kupigwa na tone la maji.

Na hapo ndo penye kinyume cha akili. Wengi wanadhani sehemu iliyojificha chini ya mwamba uliotokeza ndo salama kwa sababu hainyeshewi, kumbe mvua ndo inayoosha chumvi! Upepo wa bahari unaleta chumvi kila siku, pale pasipofika mvua inajikusanya juu ya bolti, usiku inanyonya unyevu wa hewa, mchana inakauka na kuwa kali zaidi, mwaka baada ya mwaka. Ruti nzuri za pwani, zile za kuning'inia zenye kivuli, ndo hasa mahali pabaya pa stenlesi.

Kwa hivyo pwani nifunge nini?

Titaniamu ya gredi 2, ya kupachika kwa gundi. Thailand ndo walikoishia, Cayman Brac pia. Chumvi haiigusi, ndo maana wanaitumia kwenye mabomba ya mitambo ya kusafisha maji ya bahari na mahospitalini kuunga mifupa.

Ila kabla hujaagiza titaniamu, nenda kaangalie jiwe lenyewe. Sehemu kubwa ya miamba ya pwani yetu ni jiwe la matumbawe, lile lile wanalokata matofali ya kujengea nyumba, na kama fundi anaweza kulikata kwa shoka sijui wewe unataka likushike vipi. Gonga na nyundo, likilia kama kengele endelea kuongea nalo, likilia kama ngoma ondoka. Ndugu zetu walio Oman wana bahati kwenye hili, milima ya Musandam ni mawe ya chokaa yanayoingia baharini moja kwa moja, na pale wengi wanapanda bila bolti kabisa, ukianguka unaangukia maji. Hakuna bolti, hakuna kutu.

Titaniamu haina ubaya wowote?

Unao. Bei kwanza, ni mara kadhaa ya stenlesi na lazima uagize nje na kulipia ushuru. Pili ni laini kidogo kwa msuguano, kamba yenye mchanga ikipita juu ya pete ya titaniamu kila wikendi inachimba mfereji haraka. Tatu karibu yote ni ya gundi, na gundi ina heshima zake, nakuja hapo chini. Na usiichomelee wala kuikunja mwenyewe.

Kuna stenlesi ya hali ya juu inayoitwa 1.4529, ina molibdenamu karibu asilimia 6, wahandisi wanaitumia kuning'iniza vitu kwenye mahandaki ya barabara na juu ya mabwawa ya kuogelea. Ukiipata kwa umbo la bolti ya kupandia, pwani inafaa. Kuipata sasa, hiyo hadithi nyingine.

Hell's Gate je, si ni bara?

Ni bara, lakini ile gesi ya Olkaria hapo jirani, penye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, si ya kupuuza. Mnajua ile harufu ya mayai viza ukiingia bondeni, hiyo ni haidrojeni salfaidi, inatoka ardhini pamoja na mvuke. Ukiacha bangili ya fedha huko itageuka nyeusi, na zinki na chuma cha kawaida haviipendi hata kidogo ikichanganyika na unyevu. Mimi pale naweka 316 peke yake, na sehemu zilizo karibu na mvuke unaotoka kwenye nyufa siweki kitu chochote.

Halafu kuna pimbi. Msicheke. Pimbi wamejaa kwenye ile miamba, na wana tabia ya kukojoa mahali pamoja vizazi na vizazi, ndo yale madoa meupe na ya kahawia mnayoyaona yakishuka ukutani. Mkojo unakauka unaacha chumvi. Bolti yangu siiweki kwenye doa la pimbi, nasogeza hata nusu mita pembeni.

Na pale ni mbuga ya taifa, iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kuongeza au kung'oa bolti ni kwa ruhusa, usije na drili kimya kimya ukadhani hakuna anayesikia.

Bolti ya gundi au ya kupanuka?

Jiwe gumu, safi, bara: ya kupanuka, milimita 12, inafungwa haraka na unaweza kuipandia siku hiyo hiyo. Jiwe laini, lenye vishimo, la volkano linalomeguka, au popote pwani: gundi. Ya gundi haisukumi jiwe kwa nje, na yenyewe haikai kwenye mvutano wa kudumu, kwa hivyo hata kwa hesabu ya kupasuka iko mbele. Maji pia hayaingii kirahisi kwa sababu gundi imejaza shimo.

Ila gundi haisamehi uvivu. Ukitoboa, shimo linabaki na vumbi laini kama unga wa mahindi, limeshika kuta zote. Ukiweka gundi juu ya hilo vumbi, gundi imeshika vumbi, haijashika jiwe, na bolti nzima inaweza kutoka mkononi kama kijiti cha aiskrimu. Kwa hivyo: puliza kwa pampu na bomba lifike mpaka mwisho wa shimo, ingiza brashi ya duara uizungushe ukivuta nje ndani, puliza tena, brashi tena, puliza tena, mpaka ukipuliza hakitoki kitu. Funga macho na mdomo maana litakurudia usoni. Gundi iwe epoksi ya kufungia nondo, ile ya mirija miwili inayochanganyika kwenye pua, na gundi ya mibano ya kwanza ya bunduki yake itupe, subiri mpaka rangi iwe moja haina mistari. Jaza kuanzia ndani kabisa ukirudi nje. Ingiza bolti ukiizungusha, gundi itokeze kidogo pembeni, hiyo ndo dalili hakuna hewa ndani. Halafu usiiguse! Muda wa kukauka unategemea joto la jiwe, umeandikwa kwenye mrija, na mimi naongeza usiku mmoja juu yake. Funga kitambaa chekundu kwenye bolti ya kwanza ili asije mtu asubuhi akaning'inia.

Mrija wa epoksi uliokaa kwenye buti la gari juani wiki nzima, tupa. Najua inauma.

Anka ya juu niweke nini?

Bolti mbili, sentimita 20 au zaidi kati yake, na chini yake kitu kinachoweza kubadilishwa kwa spana bila kugusa bolti, maana anka ndo inayosuguliwa na kamba kuliko sehemu yoyote. Karabina za alumini zilizoachwa huko juu sizipendi, kamba inazichonga ukingo mkali kama kisu, na karibu na bahari zinaota unga mweupe na mlango unakwama. Kundi lote lishukie kwenye karabina zenu wenyewe, wa mwisho tu ndo apitishe kamba kwenye pete.

Fundi wangu wa kuchomelea anaweza kunitengenezea hanga kwa bei nafuu

Fundi wako ni hodari, akutengenezee jiko. Pale anapochomelea stenlesi joto linaharibu ile kinga ya kromiamu pembeni ya mshono, kutu inaanzia hapo, na hakuna mtu aliyeipima hiyo hanga. Hapana.

Nimekuta bolti ya zamani, nitajuaje kama bado nzima?

Angalia mchirizi wa kahawia chini ya hanga, angalia kama nati imevimba au nyuzi zimelika, shika hanga uone kama inazunguka. Hanga kuzunguka peke yake si msiba, mara nyingi ni nati imelegea, kaza kwa spana kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji na si kwa hasira. Bolti yenyewe ikicheza ndani ya shimo, au ukiona mstari mwembamba kwenye kona ya hanga, usipande. Usiigonge na nyundo kuijaribu pia, hutajua umeijaribu au umeimaliza. Na pwani, kama ni stenlesi na hujui ilifungwa lini, ihesabu haipo hata kama inang'aa kama kijiko kipya.

Ukibadilisha, ng'oa ile ya zamani utumie shimo lile lile ikiwezekana, ukuta usije ukawa kama chujio.

Nikishafunga nifanye nini?

Andika. Jina la ruti, tarehe, aina ya chuma, kipenyo, gundi gani na namba ya mrija. Mimi nina daftari la shule la kurasa 96, limelowa mvua mara mbili, na juzi limeniokoa: kuna aliyeniuliza bolti ya tatu kwenye ruti moja Lukenya ni chuma gani, nikafungua, nikakuta nimeandika “304, nati nimebadilisha, washa BADO.” Jumamosi naenda kuitoa hiyo washa.